Devon Rex, paka wa manyoya ya mawimbi: jibu kwa dada wa Pasua

Dada uliyeuliza ukiwa Pasua, Moshi, nimeona wengi wamekujibu kwa picha tu, ngoja mimi ninayeishi naye nikujibu kwa kirefu. Umeuliza mambo matatu: kama Devon Rex ataiweza hali ya hewa ya huko, kama ukimpandisha na paka wa mtaani utapata watoto wa manyoya ya mawimbi wa kuuza, na kama ni kweli hawaleti mzio, kwa kuwa mwanao ana pumu.

Wangu yuko hapa Njiro, Arusha. Ni dume aliyehasiwa, tuliachiwa na mpangaji mwenzetu Mjerumani mkataba wake wa kazi ulipokwisha. Kwenye karatasi ana jina refu la kizungu, watoto wakamwita Kipilipili, na ndilo analoitikia.

Nianze na baridi. Watu wakiona yale mawimbi wanadhani amevaa sweta. Ni kinyume chake. Nywele ni fupi, nyembamba na zinakatika ovyo, hata sharubu zake ni vipande tu, na tumboni unaweza kuhesabu mishipa. Ukimshika utadhani ana homa. Hana. Joto la paka yeyote ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo; wa kawaida manyoya yanalizuia, la huyu linakufikia moja kwa moja mkononi. Na hilo linalokufikia wewe ndilo linalompotea yeye. Kwa hiyo Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, Juni hadi Agosti ni vita. Kipilipili analala juu ya king'amuzi. Tukizima king'amuzi anahamia nyuma ya friji. Umeme ukikatika anaingia ndani ya shuka na hakuna wa kumtoa. Usiku wa baridi kali namwekea chupa ya maji ya moto niliyoifunga kwa kitenge, na jiko la mkaa siliingizi chumbani kwa ajili yake wala kwa ajili ya mtu yeyote, tunajua linavyoua. Moshi mjini uko chini zaidi na kuna joto, hapo mtaelewana naye vizuri kuliko mimi. Ungekuwa Kibosho au Machame juu ningekwambia uache. Tatizo la Moshi ni jua la mchana: ngozi ile inaungua, asilale barazani saa saba.

Kupoteza joto kunamfanya ale, aisee. Mwili mdogo, kilo tatu na kitu, lakini anakula kuliko paka wa jirani ambaye ni mnene mara mbili. Na usitegemee ugali na mchuzi wa dagaa. Paka ni mla nyama, kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho asipokipata macho na moyo vinaharibika. Mimi nampa chakula cha mfuko, nachanganya na maini kidogo au samaki aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka wote.

Sasa kazi yenyewe, ambayo picha hazionyeshi: masikio na ngozi. Masikio ni makubwa kama majani ya mgomba ukilinganisha na uso, na ndani hayana nywele za kutosha kuzuia uchafu. Kwa vumbi letu la Njiro, kila wiki nakuta nta ya kahawia. Nalowesha pamba maji ya vuguvugu, nakamua, nafuta sehemu ninayoiona tu, siingizi kijiti. Mafuta ya ngozi nayo hayana manyoya ya kuyanyonya, yanakaa juu. Ukitazama kwenye mizizi ya kucha utaona utando mweusi unaonata, na mto wa kochi anapolalia una doa ambalo halitoki kwa sabuni ya kawaida. Ukiacha, fangasi wanaota na anaanza kujikuna. Tunamwogesha mchana kukiwa na jua, anakaushwa kwa taulo mpaka mwisho, na husikii mlio wa namna ile popote.

Jiandae pia na mtaa. Wakati wa kubadilisha manyoya anabaki na vipara shingoni. Mama mmoja jirani, mtu mwema kabisa, aliniambia paka wangu ana ukurutu nimpake oili chafu. Usipake. Wala mafuta ya taa. Atailamba yote.

Hapo hapo niseme jambo linaloua paka wengi kuliko baridi: dawa za viroboto na kupe. Ukienda duka la dawa za mifugo ukasema una kupe, unaweza kupewa ya kuogeshea ng'ombe au ya mbwa. Nyingi zina pemetrini au sipemetrini, zile za kundi la pareto ya viwandani. Mbwa anavumilia, ini la paka haliwezi kuzivunja: anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Taja neno paka, soma kibandiko, na kama hakuna picha ya paka iache dukani. Panadol pia ni sumu kwake, hata kipande.

Biashara ya watoto: sahau, angalau kwa njia unayofikiria. Mawimbi ya Devon yanahitaji vinasaba kutoka kwa baba na mama. Ukimpandisha na paka wa Pasua, watoto watatoka na nywele zilizonyooka. Hata waanzilishi yaliwakuta. Cornish Rex, aina nyingine ya paka wa mawimbi, alitokea Cornwall, Uingereza, mwaka 1950. Mwaka 1960 akapatikana dume mwingine wa mawimbi wilaya ya jirani ya Devon, jina lake Kirlee. Wakadhani ni ukoo mmoja, wakampandisha na majike wa Cornwall, watoto wote wakatoka nywele zimenyooka. Ndipo wakajua ni vinasaba tofauti. Wa Marekani, Selkirk Rex wa mwaka 1987, ndiye ambaye mzazi mmoja anatosha, lakini huyo ni paka mwingine kabisa, mnene na mwenye manyoya mengi. Tena Devon wengi wana damu ya kundi B. Jike wa kundi hilo akizaa watoto wa kundi A, maziwa yake ya kwanza yanaweza kuwaua. Kabla ya kupandisha inabidi upime damu za wazazi, na hilo kwa hapa kwetu si jepesi. Yaani mtaji utaliwa na daktari.

Tabia sina la kulalamika, isipokuwa faragha hakuna. Anapanda begani nikipika, anaiba chapati, anafungua makabati. Ukimwacha peke yake kutwa nzima anaharibu.

La mwisho ndilo zito kwako. Si kweli kwamba hawaleti mzio. Kinachosumbua watu wengi si nywele, ni protini iliyomo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, na Devon anayo. Anadondosha nywele chache, hivyo wapo wanaopata nafuu kwake, na wapo wanaobanwa kifua vilevile. Kwa mtoto wa pumu usiamini mtu, hata mimi. Zungumza na daktari wake, halafu kabla hujatoa hela kwa yeyote, panda basi mje Njiro mshinde hapa na Kipilipili. Beba dawa ya mtoto ya kuvuta. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze, ila wikiendi hii hapana, tuna msiba Usa River.