Molekuli ndogo zinazojisuka kuwa nyuzi juu ya seli ya saratani: kwa nini si juu ya kila seli?

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Nimesoma kwamba watafiti wanatumia ALP (fosfatasi ya alkali), kimeng'enya tunachokipima kila siku tunapochunguza utendaji wa ini, kuzifanya molekuli ndogo zijisuke kuwa nyuzi zinazoua seli za saratani. Lakini ALP imeenea mwilini. Molekuli hizo hujuaje seli ya kuishambulia? Na je, ALP ya kwenye damu inaweza kutuonyesha mgonjwa anayefaa?

JIBU: Ndugu msomaji, molekuli hizo hazitambui seli yoyote. Anza na kipimo chako mwenyewe: ALP inakata fosfati kutoka kwenye pNPP, kemikali ya kipimo isiyo na rangi, kinachobaki kinageuka manjano, nawe unakisoma kwenye nanomita 405. Watafiti wamehakikisha tu kwamba kinachobaki baada ya fosfati kukatwa, badala ya kuwa na rangi, ni kitu kisichopenda maji.

Kundi la Bing Xu, la Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani, ambalo limeshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, hutumia peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino (matofali ya protini) chache tu, aghalabu zenye fenilalanini mbili zilizofuatana pamoja na tirosini iliyobeba fosfati. Katika pH ya mwili fosfati hiyo huwa na chaji hasi zinazozifanya peptidi zisukumane na kuyeyuka vizuri majini. Ikishakatwa, pete za fenilalanini huegemeana kwa kuyakimbia maji, vifungo vya haidrojeni huzishikilia katika mpangilio, na nyuzi zenye unene wa nanomita chache huanza kurefuka.

Kukatwa kwa fosfati peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Supu ya makongoro ikilala huganda, lakini ukiwa umeizidisha maji utaikuta asubuhi bado ni maji, ingawa kilichomo ni kilekile. Peptidi hizi nazo zina kiwango cha ukolezi ambacho chini yake hazisuki chochote. Kwa hiyo jambo la kuamua ni mashindano ya kasi mbili, yaani kasi ya ALP kuzalisha peptidi zisizo na fosfati juu ya utando wa seli, na kasi ya peptidi hizo kutawanyika kwenye majimaji yanayoizunguka. Seli za HeLa, yaani seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara, zenye ALP nyingi kwenye utando, huzalisha haraka kuliko mtawanyiko unavyoweza kuondoa, kiwango kinavukwa palepale, na wavu wa jeli unaizingira seli. Seli yenye ALP kidogo hukata fosfati vilevile, ila mazao yake huondoka kabla hayajarundikana. Mwaka 2014 kundi hilo lilieleza kwamba wavu wa aina hiyo huzuia seli kubadilishana vitu na mazingira yake, na seli huishia kujiua. Walitumia asidi amino za umbo la D (taswira ya kioo ya umbo la L, lile la kawaida mwilini), ambazo vimeng'enya vinavyokata protini havizimudu kwa urahisi, wakati ALP haibagui sana umbo hilo.

Usidhani nyuzi zenyewe ni sumu. Lanreotaidi, peptidi inayotumika kutibu akromegali (ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi), hujipanga kuwa mirija ya nanomita 24 hivi, na sindano yake huacha chini ya ngozi akiba inayotoa dawa kwa takriban wiki nne. Madhara yanategemea nyuzi zinasukwa wapi na kwa kasi gani.

Kuhusu swali lako la pili, mimi nisingeitumia ALP ya damu kwa kazi hiyo. Unachopima katika seramu ni kimeng'enya kilichokwisha kuachana na seli, kwa kawaida kutoka kwenye ini na mifupa, na hakikuambii msongamano wake juu ya utando wa uvimbe. Tena ikiwa juu mno inaweza kuikata fosfati mapema, dawa ikiwa bado njiani. Ini, mifupa, utumbo na kondo la nyuma pia vina ALP kwenye seli zake, na dozi zinazohitajika kwenye seli za maabara mara nyingi hufika mamia ya maikromola. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo vikwazo vikubwa zaidi.

Siku ukipata nafasi ya kujaribu kwenye seli, thibitisha kwanza kwamba ALP ndiyo inayohusika, kwa kuizuia uone kama seli zinapona. Angalia tu kizuizi unachochagua: levamisoli, ileile dawa ya minyoo ya mifugo, huizuia ALP ya ini na mifupa, lakini ile ya aina ya kondo la nyuma, iliyomo katika HeLa, haiitikii sana. Kuizuia hiyo ya pili hutumika L-fenilalanini, na usishangae kwamba ni tofali lilelile, kwa umbo la L, linalojengea peptidi zenyewe.