Jibu: Jirani anajenga ghorofa sita, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umeuliza kama mnaweza kuzuia ghorofa sita katikati ya nyumba za chini. Kwanza angalieni ramani ya mipango miji: kiwanja kile kinaruhusiwa ghorofa ngapi? Kama sita zimo, achaneni na urefu. Sisi, jengo kama hilo lilipokuja mtaani kwetu, tulipigia kelele urefu mkutano mzima, tukatoka mikono mitupu, na wanaotafuta pa kupanga wakatuona wachoyo. Walikuwa na haki.

Kilichosikilizwa ni hoja za mchoro wa jengo. Tuliupima kwa rula: ukuta mita moja na nusu kutoka mpakani, na maji taka ya familia 24 kwenye bomba la nyumba nne! Jengo likasogezwa, bomba likabadilishwa. Ombeni nakala ya mchoro kabla muda wa pingamizi haujaisha.