Ganzi imekataa, daktari?

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia anaulizia kung'oa jino.

Shikamoo daktari. Gego la kwanza nilichomwa ganzi mara mbili na bado niliumia. Sasa la pili linauma, naogopa. (Makorora)

Marahaba. Si uoga wako. Jino likishatunga usaha, nyama za pembeni yake huwa na tindikali, na tindikali huivunja nguvu ganzi. Basi usikae wiki nzima shavu limevimba, unajipoza kwa karafuu. Njoo mapema.

Kwenye kiti, tofautisha kusukumwa na kuumia. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia taya linasukumwa, hata mlio wa "kwa!" jino likiachia, hiyo kawaida. Ukisikia uchungu hasa, nyanyua mkono wa kushoto, alama mliyokubaliana kabla ya sindano. Daktari aache koleo, aongeze dawa, asubiri. Anayesema "vumilia kidogo" huku anavuta, mimi simsifu.

Nimeng'oa asubuhi. Jioni naweza kwenda kijiweni kunywa kahawa? (Ngamiani)

Kijiweni nenda, kahawa waachie wenzio leo. Ganzi hukaa saa 2 hadi 4, na mdomo uliokufa huungua bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo, joto bado halifai kwa kidonda kibichi. Kunywa uji uliopoa. Dafu ruksa, ila limimine kwenye glasi, mrija hapana.

Bibi anasema nisukutue kwa maji ya chumvi nikifika tu nyumbani. (Chumbageni)

Bibi kapatia dawa, kakosea siku. Bonge la damu linaloganda kwenye pengo ndiyo bandeji yako. Uma pamba nusu saa mfululizo, usifunuefunue kuchungulia. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara. Baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Inamisha kichwa huku na huku, kisha yaache maji yadondoke yenyewe.

Dawa gani ya maumivu? (Pongwe)

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Anza kabla ganzi haijaisha. Aspirini usijinunulie, huzuia damu kuganda.

Siku ya nne leo. Maumivu yalikuwa yamepungua, sasa yamerudi hadi sikioni, na mdomo unanuka. (Raskazone)

Rudi leo hii. Huenda bonge limetoka na mfupa uko wazi. Watakusafisha na kukuwekea dawa, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Ukiona homa, mdomo haufunguki au kumeza ni shida, usingoje kukuche.

Na machungwa? (Muheza)

Muheza tena! Subiri wiki, yanachoma.