Old Sturbridge Village haikuwahi kuwa kijiji

Je, Old Sturbridge Village, makumbusho ya wazi huko Marekani, ni kijiji cha zamani kilichohifadhiwa palepale kilipokuwa? Hapana. Majengo mengi ni ya kweli, lakini yalihamishwa kutoka pande mbalimbali za New England (eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani) na kusimamishwa upya Sturbridge, Massachusetts, kisha umma ukafunguliwa milango mwaka 1946. Duka la Asa Knight, kwa mfano, lilitoka Dummerston, Vermont, na nyumba ya Salem Towne ilitoka Charlton, mji wa jirani. Makumbusho yenyewe yanaeleza hivyo, wala hayafichi.

Ila si kila unachokiona ni cha kale. Kiwanda cha kupasulia mbao ni nakala iliyojengwa miaka ya 1980, ingawa msumeno unaendeshwa na maji kwelikweli. Kinu cha kuchania sufu ndicho cha asili, kilitoka Maine, na kwangu ndicho cha kutazamwa kwanza. Wale wahunzi na wafinyanzi waliovalia kama watu wa miaka ya 1830 ni wafanyakazi wa makumbusho, kwa hiyo waache watoto waulize watakavyo.