Shangazi, nirudi kwetu kwa viza gani?

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Kibokoni. Nilikwenda Uingereza 1984, nikachukua uraia wao 1991, na nimeendesha mabasi huko mpaka juzi nilipotimiza miaka 66. Mimi na mke wangu, Mwingereza, tunataka kuja kuzeekea Mombasa. Huyu aniambia niingie kama mtalii, yule aniambia nitafute kibali cha wastaafu. Ndugu yangu ashapata nyumba Majengo, ataka nimtumie pesa zote ainunue kwa jina lake kwa kuwa mimi sasa ni mgeni. Nifanyeje?*
*Mgeni Kwao*

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kila nikifika kwenye hilo neno “mgeni” nakunja uso.

Viza huihitaji. Ni kweli kwamba 1991 sheria ya wakati ule ilikuvua uraia wa Kenya. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inampa mzaliwa aliyeupoteza kwa njia hiyo haki ya kuurudisha akiomba, na wa Uingereza unabaki nao. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha zamani, uende Uhamiaji. Mkeo, ikiwa ndoa yenu imepita miaka saba, naye ana haki ya kuomba aandikishwe raia.

Hiyo ya utalii ni siku 90. Wako wanaovuka Lunga Lunga, wakaonekana Tanzania, wakarudi. Kwa miaka 66 utajichosha bure. Na kibali cha daraja la K, ambacho watu hukiita cha wastaafu ingawa hata wa miaka 35 hupewa, kinadai kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni ya serikali peke yake haifiki hapo.

Sasa pesa, na hapa nakaa kitako. Ukihamia Kenya, pensheni yako ya serikali ya Uingereza haipandi tena. Inabaki pale ilipokuwa siku uliyohama. Aliyekuja na pensheni kamili Aprili 2016, pauni 155.65 kwa wiki, hupokea hizo hizo mpaka leo, na mwenzake aliyebaki London alikuwa anapata 221.20 kufikia 2024. Bei za Marikiti nazo hazimngoji mtu. Kwa hiyo usipige hesabu ya mwaka huu tu, piga ya ukiwa na miaka 80, tena uweke fungu la matibabu, maana ukishahamia, ile haki ya kutibiwa bure huko hukatika. Akaunti ya Uingereza usiifunge. Leta kidogo kidogo: Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na mwaka haukuisha ikawa kama 130. Aliyebadilisha akiba yake yote siku mbaya aliumia.

Tuje kwa ndugu yako. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu hata huyo mgeni kumiliki ardhi kwa jina lake mwenyewe, kwa kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Basi hoja yake haina miguu. Halafu Majengo unaijua: nyumba nyingi ni nyumba bila ardhi. Kuta zako, kiwanja cha mtu, na kodi ya ardhi juu yake. Muulize, “Ardhi imo?” Akisitasita, umepata jibu.

Sisemi ni mwizi. Huenda yeye mwenyewe amedanganywa na dalali. Mwambie hivi: “Nashukuru umehangaika, lakini wakili wangu atapekua hati kwanza, na jina litakuwa langu na la mke wangu.” Kama unataka kumsaidia, mpangie kiasi kila mwezi, umtajie kabisa, na salio la akaunti liwe siri yako na mkeo.

Na kabla ya kupakia kontena, pangeni nyumba Tudor au Kizingo hapa Mombasa, mje Februari, joto likiwa kali na umeme ukikatika. Nyumba mtanunua mkeo akishakwambia anaweza kukaa hapa mwaka mzima.