Otojairo ikizima injini angani

Kaka, umeuliza kama kile chombo cha viti viwili chenye mapanga juu kingefaa kwa doria ya pwani yetu ya Tanga, na injini ikizima itakuwaje. Kwanza, ile si helikopta, ni otojairo. Injini inazungusha pangaboi la nyuma tu, la kusukuma. Mapanga ya juu yanazungushwa na upepo unaopenya kutoka chini chombo kikienda mbele. Ndiyo maana injini ikizima mapanga hayasimami: unashuka huku ukichagua pa kutua. Mhispania Juan de la Cierva alikuwa anatafuta usalama huohuo, na otojairo yake ikaruka mwaka 1923.

Kwa kuwasaka wavuvi wa baruti kuanzia Moa hadi Pangani, au kuangalia wanyama Saadani, naiunga mkono kabisa. Inakwenda polepole bila kuanguka, inaona vizuri chini, inaruka kwenye kiwanja kifupi, na gharama zake haziifikii helikopta. Ila haiwezi kusimama tuli angani, kwa hiyo kumvuta mtu majini usiitegemee. Na juu ya bahari, lazima wote wawili wavae maboya.

Hatari yake kubwa ni rubani kusukuma usukani mbele kwa ghafla. Mapanga yanakosa mzigo, yanapunguza mzunguko, na kuyarudisha ni vigumu mno. Hata rubani mzoefu wa ndege za kawaida afundishwe upya kabla hajaigusa.