Kahawa ya arabika ya Sipi yenye harufu ya pombe

Ndugu, harufu ya pombe kwenye kahawa yako ya arabika ya Sipi, huko miteremko ya Mlima Elgon, Uganda, mara nyingi huanza kabla ya kuanika. Tenga matunda yanayoelea, kisha menya mekundu siku ileile ya kuchumwa. Kwenye baridi ya Elgon uchachushaji (kuacha punje zilizomenywa hadi ute wake uachie) huweza kuchukua saa 12 hadi 36, kwa hiyo usitegemee saa tu: sugua punje kwa maji, zikikwaruza bila utelezi, osha papo hapo. Punje za jana zilizonasa kwenye mashine ya kumenyea huharibu ndoo nzima, na wengi hawaisafishi! Anika kwenye kichanja, unene wa sentimita 2 hadi 4, geuza mara kwa mara, funika usiku, hadi unyevu ufike asilimia 11 hivi.